Paa la Mzee Jivan

Mwanamke kijana aliingia dukani kwangu nikiwa nakata kioo cha fremu, akasimama mlangoni kama mtu anayeogopa kukanyaga kitu. Nilidhani ni mtalii aliyepotea. Akaniuliza kwa Kiingereza kama mimi ndiye Festo aliyefanya kazi zamani kwenye studio ya picha ya Jivan. Jina hilo sikuwa nimelisikia kinywani mwa mtu mwingine kwa miaka mingi, nikaweka kwanza chini kisu cha kioo ndipo nikajibu kwamba ndiye mimi. Alitabasamu, na katika tabasamu lile nikamwona bibi yake kabla hajajitambulisha. Aliitwa Mira, mjukuu wa Mzee Jivan. Alikuwa amekuja na wenzake kupanda Mlima Meru, akabakiwa na siku moja kabla ya ndege, akaitumia kuitafuta nyumba ya babu yake. Nyumba hakuikuta. Pale ilipokuwa sasa kuna jengo refu la vioo. Mshona viatu wa ng'ambo ya barabara, mtu wa siku nyingi pale, ndiye aliyemwambia kwamba yuko mzee mmoja wa fremu, njia ya kwenda Sakina, aliyewahi kufanya kazi kwa yule Mhindi wa picha.

Nilimkalisha, nikaagiza chai na maandazi. Akaniambia kwa Kiswahili, sentensi ambayo bila shaka aliifanyia mazoezi njiani, "Bibi amefariki." Babu yake alikuwa ametangulia zamani. Bibi, alisema akirudi kwenye Kiingereza chake, siku zake za mwisho alikuwa akiwasemesha wauguzi kwa Kiswahili, anawauliza kama mvua imenyesha kule mlimani, nao hawakuelewa hata neno. Nikamsogezea sahani ya maandazi. Kisha akauliza jambo ambalo nadhani ndilo lililomleta. "Babu alikuwa akisema kulikuwa na kijana aliyekuwa akichora naye mwezi. Alisema kijana huyo alikuwa na mkono mzuri kuliko wake, halafu akachoka. Ni wewe?" Nikamwambia ni mimi. "Ulichoka kweli?" Macho ya bibi yake yalikuwa yananitazama kutoka kwenye uso wa mwanamke kijana, nami nimeshika kikombe, nikasema, "Vijana huchoka, binti yangu." Akacheka kwa adabu. Alipoondoka sikuweza kuendelea na kazi. Nilifunga duka mchana kweupe, nikaja nyumbani kuuandika mwaka ule kama ulivyokuwa.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mbili, mgeni Arusha, na sikumjua mtu. Nilipanga chumba Sakina, kwenye ua uliopakana na gereji. Kutwa nzima mafundi waligonga bodi za magari, na basi la Nairobi lilipopita sufuria zangu mbili zilitetemeka juu ya rafu. Nilikuwa na kitanda, jiko la mafuta ya taa, ndoo, na ukuta wa mbao uliotenganisha chumba changu na cha Baba Happy na mkewe. Ukuta ule ndio uliokuwa jamaa yangu wa kwanza mjini. Mume alikuwa fundi umeme wa magari na mke aliuza ndizi sokoni. Walizungumza Kiswahili wakitaniana na Kichaga wakigombana, kwa hiyo nilijua hali ya ndoa ile kila siku bila kujua kilichosemwa. Nilikula ugali na dagaa nikiwasikiliza kama wengine wanavyosikiliza redio. Mama Happy akicheka, nami hutabasamu na tonge mkononi. Jioni moja alimuuliza mumewe kama mlango wa ua umefungwa, na mimi, bila kujijua, nikajibu kwa sauti, "Umefungwa." Kimya kikaingia pande zote mbili za mbao. Kesho yake aliniletea bakuli la mtori wa ndizi lililofunikwa sahani, akasema, "Shika, shemeji. Unakonda." Hakutaja ukuta, wala mimi sikuutaja, lakini tangu siku ile walishusha sauti zao, na chumba changu kikazidi kuwa kitupu.

Studio ya Mzee Jivan ilikuwa katikati ya mji: chini duka, juu nyumba, na juu ya nyumba paa la zege. Kazi yangu ilikuwa kurekebisha negativu, ile filamu ambayo picha husafishwa kutoka kwayo. Vijana wa leo hawaijui kazi hiyo kwa sababu simu zao huifanya zenyewe. Negativu ilipakwa dawa ili penseli ishike, ikawekwa kwenye kioo kilichoinamishwa chenye mwanga kwa nyuma, kisha kwa penseli ngumu, niliyoichonga kwa msasa mpaka ikawa kama sindano, nilijaza vidoadoa vidogo mno penye chunusi, penye mikunjo na penye makovu, ili picha ikisafishwa uso utoke laini. Walikuja maharusi, walikuja watoto wa kipaimara na nguo zao nyeupe, walikuja wakulima wa Nduruma waliouza vitunguu asubuhi wakaamua wapigwe picha mbele ya pazia letu, lililochorwa ngazi na bustani ambayo hakuna aliyejua iko nchi gani. Wote niliwarudishia nyuso za watoto. Mzee Jivan alinifundisha kazi kwa maneno machache. Alikuwa mrefu, mwembamba, shati jeupe limefungwa vifungo mpaka shingoni. Alizaliwa Babati, na Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu.

Siku moja alikuja mzee wa Nduruma mwenye kovu lililoanzia kwenye nyusi likashuka mpaka karibu na taya. Nilisafisha kila kitu kwenye negativu yake, kovu nikaliacha. Mzee Jivan aliichukua picha, akaipeleka kwenye mwanga wa dirisha.

"Hili umeliacha kwa nini?"

Nilidhani kazi imekwisha. "Kivuli chake kilikuwa kizuri, mzee."

Aliitazama tena kwa muda mrefu. Hakunisifu, hakunigombeza. Jioni, nikiwa nafunga mlango wa mbele, aliniita kutoka kwenye ngazi. "Festo. Jumamosi una shughuli gani?" Sikuwa na shughuli, Jumamosi ile wala nyingine yoyote. "Basi panda juu. Uje kabla jua halijazama."

Juu ya paa, kati ya tangi la maji na kamba za nguo, alikuwa ameisimamisha darubini ya shaba kwenye miguu mitatu ya mbao. Upande wa kaskazini Meru ulikuwa umejifunika wingu mpaka mabegani. Mwezi ulikuwa nusu, juu kabisa ya vichwa vyetu, mweupe kama kipande cha karatasi kwa sababu giza lilikuwa halijaingia. Nilipoweka jicho, nilirudi nyuma kana kwamba mtu amenisukuma. Nilikuwa nimeuona mwezi maisha yangu yote, na sasa nikatambua kwamba sikuwa nimewahi kuutazama. Pale ambapo nuru ilikuwa inaishia na giza kuanza palijaa mashimo, kreta juu ya kreta, kila moja limejaa kivuli cheusi kama wino.

"Umeona nini?"

"Makovu, mzee."

"Ndiyo. Chini kule tunayafuta. Hapa juu hatufuti kitu."

Akanipa ubao, karatasi na penseli. Jua lilipozama alivuta waya mrefu na kuwasha ile taa nyekundu ya chumba cha kusafishia picha, kwa sababu mwanga mweupe humpofusha mtu anayetazama angani. Nilianza kuchora ukingo wa shimo, duara zuri la kishule, naye akanishika mkono. "Usichore ukingo. Chora kivuli tu. Ukikipata kivuli sawasawa, ukingo utajitokeza wenyewe." Ilikuwa kazi ngumu kuliko nyuso zote za studio. Kivuli kule juu hakisubiri. Jua la mwezini linapanda taratibu, na ukiinua macho baada ya kuchonga penseli unakuta ncha ya mlima ambayo haikuwapo imeanza kung'aa gizani. Ilibidi uchague shimo moja na kuyaacha mengine yapite. Alikuwa na ramani yenye majina ya Kilatini ambayo ulimi wangu uliyakataa, tukayapa mashimo majina yetu. Moja lenye kilima katikati tuliliita Meru. Mawili yaliyogusana tuliyaita Mapacha. Sehemu ya kusini, ambako mashimo yamekanyagana hata huoni pa kuanzia, hatukuipa jina. Mzee Jivan alikuwa ameijaribu miaka na miaka. "Kusini," alisema, "tutaimaliza mimi na wewe."

Basi Jumamosi zikawa zangu. Mwezi ukiwapo tulichora, usipokuwapo tulisafisha michoro mezani. Mkewe, Kusum, ambaye nilimwita Mama, alitupigia kelele kutoka chini ngazini chakula kikiwa tayari. Hawakula nyama. Nilikula kwao chapati nyembamba zenye majani ya uwatu, achari ya ndimu iliyonitoa machozi, na wali uliopikwa pamoja na choroko mpaka ukawa laini kama chakula cha mgonjwa, juu yake samli. Mama Kusum aliongeza sahani yangu bila kuniuliza. Sebuleni palikuwa na viti vya watu wengi. Zamani, aliniambia, Jumapili viti havikutosha, watoto walikaa sakafuni. Sasa ndugu wote walikuwa wamehamia Uingereza au Kanada, mmoja mmoja, na mtoto wao pekee, Kiran, alikuwa ameoa huko na kupata binti. Picha ya yule mtoto mchanga, Mira mwenyewe, ilikuwa juu ya kabati. Mama aliifuta vumbi hata siku isiyokuwa na vumbi. Wakati wa kula mumewe alinieleza mambo ya vivuli, mimi nikauliza, yeye akajibu, na Mama alikaa akitutazama, kidevu mkononi, kama mtu aliyealikwa kwenye nyumba ya watu. Sikuliona jambo hilo wakati ule. Ninaliona leo.

Masika yalikuja, na baada ya masika ile baridi ya Arusha ya mwezi wa sita na wa saba, wingu limekaa juu ya mji kama kifuniko, hujui jua limechomoza wapi. Hatukuuona mwezi kwa majuma mengi. Nilipanda juu vivyo hivyo. Ilikuwa Jumamosi ya namna hiyo, niko peke yangu mezani nikikoza wino, niliposikia wanabishana jikoni kwa Kigujarati. Sikuelewa ila maneno mawili matatu yaliyokuwa ya kila mtu: Kiran, tikiti, ndege. Halafu nikasikia jina langu. Mzee alilitamka, kisha Mama akalirudia, kwa sauti nyingine kabisa. Mzee alirudi mezani, akavaa miwani, akasema kana kwamba nimemuuliza, "Kule kwa Kiran mwezi husimama wima, unajua? Hapa kwetu unalala chali kama bakuli. Kule unasimama. Mtu aliyezoea mwezi wa kulala, atauchoraje ule?" Nikacheka, nikidhani ni utani.

Mawingu yalipofunguka alitupeleka matembezini. Jumapili moja tulipanda Datsun yake, Mama na vikapu nyuma, tukapita Tengeru, tukapita Usa, tukakunja kuelekea Ngare Nanyuki mpaka mahali ambapo Meru unaonekana kwa ule upande wake uliobomoka. Sisi wa mjini tunauona mlima mzima, umechongoka. Kutoka mashariki unaona kwamba ni kreta iliyopasuka, na ndani yake kuna kilima cha majivu. Alitaka nikae hapo mchana wote nione kivuli cha ukuta wa magharibi kikishuka na kukimeza kile kilima kidogo kidogo, maana ndivyo inavyokuwa mwezini. Tulichora pamoja mpaka saa ya kula. Baada ya chakula Mzee alisema anashuka kidogo kutafuta mahali pazuri zaidi, akaondoka na ubao wake kwapani, shati jeupe likipotea na kuonekana kwenye vichaka.

Mama Kusum alikuwa anafunga vikapu. Alisimamisha mikono.

"Festo, mwanangu. Nina ombi, na usinikasirikie."

"Siwezi kukukasirikia, Mama."

"Usije tena Jumamosi."

Nilidhani nimefanya kosa. Nilianza kupekua kichwani, sahani gani nimevunja, neno gani nimesema. Akatikisa kichwa. "Hujafanya kitu. Hapana. Sikiliza. Kila nikitaja safari, baba anasema Festo hajamaliza kusini. Mwaka huu wote hivyohivyo. Tutaondoka Festo akimaliza. Na mimi nimetazama ule mchoro. Ule hauna kumaliza." Aliinama, akakunja kitambaa kilichokuwa kimeshakunjwa. "Mjukuu wangu anatembea sasa. Mimi sijambeba. Yeye ana mwezi wake, ana wewe. Mimi nina nani? Naongea na viti. Asubuhi naamka, naongea na viti."

"Nimwambie nini mzee?"

"Sema umechoka. Vijana wanachoka. Atakuelewa."

Sikusema ndiyo. Nilitazama mlimani, kivuli kilikuwa kimefika nusu ya kile kilima. Mzee Jivan alipanda kuja kwetu, amechangamka, ananiita nione mahali alipopata, nikaenda, nikachora hadi mwisho, na ule ndio mchoro bora niliowahi kuuchora mbele yake. Mama alikaa garini akitungoja. Njia nzima ya kurudi alinipitishia matunda kutoka kiti cha nyuma, moja baada ya jingine, nami niliyala yote.

Jumamosi iliyofuata sikupanda. Nilifunga studio nikashika njia ya Sakina kwa miguu, na mwezi ulikuwa mbele yangu, mchanga, umelala kama bakuli, juu kidogo ya magari. Nilifika chumbani nikakaa kitandani na viatu miguuni. Siku ya kazi Mzee alisema tu, "Jumamosi mwezi ulikuwa mzuri." Nikasema nilikuwa na shughuli. Jumamosi ya pili vilevile. Nilikuwa nachora mwenyewe, mlangoni kwangu, kwa macho matupu, madoa makubwa tu ambayo kila mtu huyaona, na michoro niliibandika kwenye ukuta wa mbao kwa pini. Nataka nieleweke hapa. Sikuwa mtu mwema kiasi hicho. Kila Jumamosi nilifika mpaka kwenye kona ya mtaa ule, na mara moja nilishika kitasa cha mlango wa ngazi. Kilichonirudisha ni lile neno la Mama Kusum la viti. Mimi nilijua kuongea na ukuta ni nini.

Kisha akaja Mzee mwenyewe. Ilikuwa Jumapili alasiri. Mama Happy aliita kutoka uani, "Shemeji! Una mgeni, Mhindi mzee!" Nikachungulia, nikamwona anavuka katikati ya magari mabovu, anainua suruali asishike oili, mafundi wakiwa wameacha kugonga wanamtazama. Niliibandua michoro ukutani yote kwa mkupuo, nikaisukuma chini ya godoro. Nilipofungua mlango nilikuwa nahema.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unaumwa?"

"Siumwi, mzee. Karibu."

Kiti hakikuwapo. Alikaa kitandani, na karatasi zikalia chini yake, sauti ndogo kavu ambayo sisi wawili, watu wa karatasi, hatukuweza kuikosea. Alitazama ukuta, pini zilikuwa bado zimesimama pale, hazikushika kitu. Kisha akatazama mikono yake.

"Jumamosi huji."

"Nimechoka, mzee."

"Kazi imekuchosha?"

"Sio kazi. Nimechoka na mwezi." Ilibidi nimalize, nikamaliza. "Ni uleule kila mara."

"Sio uleule," alisema polepole, si kama mtu anayebisha, bali kama anayerekebisha kosa dogo kwenye negativu. Mama Happy akaingia na vikombe viwili vya chai, akasalimia, akatoka. Mzee Jivan aliinywa chai yake yote, mpaka chini, ingawa ilikuwa na maziwa mengi na najua hakuipenda hivyo. Aliweka kikombe sakafuni. "Haya. Kumbe hakuna tunachongoja." Nilimsindikiza hadi barabarani.

Mpaka leo sijui alielewa kiasi gani. Mira aliniambia, tukiwa kwenye chai, kwamba babu yake ndiye aliyempeleka shule na kumrudisha, kila siku, hadi alipokuwa mkubwa wa kuona aibu kushikwa mkono. Alimfundisha kuchora. Alimwimbia. Bibi alipika kwa ajili ya nyumba iliyojaa watu, na Jumapili watoto walikaa sakafuni. Nilimsikiliza nikajiambia kwamba basi ilikuwa sawa, hesabu ilitoka vizuri, binti huyu hapa mbele yangu ni ushahidi. Na ilikuwa sawa. Lakini kijana wa miaka ishirini na mbili haishi kwenye miaka itakayokuja, anaishi kwenye Jumamosi. Zangu zilikuwa zimekwisha. Nilikuwa nimepewa nyumba moja tu katika mji mzima, nikaifunga kwa mkono wangu, na nisingeweza kumwambia mtu pekee ambaye angejua thamani ya nilichokifunga.

Baada ya siku ile mambo yalikwenda haraka. Studio ilinunuliwa na mtu wa picha za rangi aliyekuja na mashine yake, asiyehitaji penseli ya mtu. Viti vya sebuleni vilitoka, viwili viwili. Darubini, Mzee Jivan aliamua kuipa shule moja ya sekondari nje ya mji, kwa wanafunzi. Ni haki yake, nilikuwa nimemwambia mwenyewe kwamba nimechoka. Aliniomba nimsaidie kuishusha. Niliibeba ngazi zote, shaba yake ikiwa baridi shavuni kwangu, nikailaza kwenye kiti cha nyuma cha gari na kuizungushia blanketi, na alipouliza kama imekaa vizuri nikasema imekaa vizuri. Siku ya kuagana tulipeana mikono pale studio, kwa heshima, kama bosi na mfanyakazi. Alinitakia heri. Mama Kusum alinipa chapati za uwatu zilizofungwa kwenye kitambaa, akanishika mikono yote miwili, akasema, "Mungu atakulipa." Mzee alidhani anazungumzia kazi.

Walikuwa wanakwenda kupanda ndege Nairobi, na barabara ya Nairobi hupita Sakina. Sikuwaambia nitakuwapo. Asubuhi ile nilisimama kando ya barabara, upande wa mlimani, mbele ya gereji, jua limeshapanda na magari ni mengi. Nilisubiri mpaka nikaanza kuamini kwamba wamepita mapema. Ndipo nikaiona ile Pijo ya kukodi, masanduku yamefungwa juu, inakuja polepole nyuma ya lori la mkaa. Walikaa nyuma. Mama Kusum alikuwa dirisha la upande wangu. Mzee Jivan alikuwa dirisha la pili, na nilichokiona ni kisogo chake, nywele nyeupe, kola ya shati. Alikuwa ameegemeza kichwa kwenye kioo cha upande wake, anatazama juu.

Mama aliniona. Macho yetu yalikutana, na gari lilikuwa linakwenda taratibu kiasi kwamba angeweza kusema neno moja tu na dereva angesimama. Nilimwona anageukia mumewe. Nilimwona anafungua mdomo. Kisha akaufunga, akanigeukia tena, akabandika kiganja chake chote kwenye kioo, akakiacha pale mpaka lori likakunja, Pijo ikapata nafasi, ikaongeza mwendo.

Nilivuka barabara nikasimama upande aliokuwa akiutazama yeye. Ulikuwapo, juu ya mapaa ya mabati, mweupe, umeliwa ubavu mmoja, ule mwezi wa asubuhi unaochelewa kuzama ambao watu hupita chini yake bila kujua. Nilitaka kumwonyesha mtu. Nikageuka. Nyuma yangu mafundi walikuwa wameshaanza kugonga bodi, wameinamisha vichwa, na hakuna aliyekuwa akitazama juu.